Barua kwa Mwalimu wa Sanaa: Picha zisigeuzwe pazia la bendi

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kundi dogo la wachoraji, washairi, waigizaji na wanamuziki. Tuliandaa tamasha la Jumamosi na Jumapili, kila sanaa tukaipangia saa yake. Wanamuziki na waigizaji walishangiliwa, ila wachoraji waliondoka wamenuna. Picha zao tulizitundika nyuma ya jukwaa. Watu walijipiga picha za simu mbele yake, basi. Tunataka kuandaa tena. Tufanyeje kila sanaa ipate haki yake? — Mpangaji

Marahaba, mwanangu. Wachoraji wenu wamenuna kwa haki, na mimi niko upande wao. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutundika picha na kupanga mwanga, na kila sanaa zinapokutana chini ya paa moja nimeona ya uchoraji ndiyo inayoumia kwanza. Wimbo una mwanzo na mwisho. Shairi na igizo vilevile. Ukikaa kitini, vinakushika hata kama hukutaka. Picha haimshiki mtu, inamngoja. Ukiiweka palipo na kelele na haraka, itangoja mpaka siku ya kushushwa.

Hata mahali palipotulia watu hawatazami kwa muda mrefu. Watafiti waliowapima wageni wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, walichapisha matokeo yao mwaka 2001: mtu alisimama mbele ya kazi moja kwa wastani wa sekunde 27, na nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17. Hapo ni kwenye jumba lililojengwa kwa ajili ya kutazama. Sasa weka na spika mbili pembeni uone.

Kwa hiyo msiipe picha saa, maana saa haiifai kitu. Ipeni chumba na asubuhi. Jumamosi fungueni milango kwa picha peke yake, bila muziki wowote, hata ule wa taratibu ambao watu huuweka kwa kuogopa ukimya. Wachoraji wawepo, wasimame karibu na kazi zao lakini wasianze kueleza kabla hawajaulizwa. Baada ya saa mbili hivi waingie washairi, nao wasome humohumo, wakihama kutoka ukuta hadi ukuta bila maikrofoni, na wasikilizaji wawafuate. Mtu aliyesimama dakika nne akisikiliza shairi kando ya picha ataitazama dakika nne, apende asipende. Igizo liwe jioni. Bendi iwe ya mwisho kabisa, na hapa sibembelezi mtu: masikio yaliyotoka kwenye spika kubwa huwa mazito kwa muda, na mwigizaji anayesema kwa sauti tupu baada ya bendi anaonewa.

Nenda sasa kwenye mambo ya ukutani, ambako ndiko tamasha nyingi huharibikia. Pimeni katikati ya kila picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ndipo macho ya watu wengi yanapofika bila kuinua shingo. Taa za rangi za jukwaani zisiguse kazi yoyote. Chini ya taa nyekundu, mstari mwekundu kwenye karatasi nyeupe unapotea kabisa. Niliwahi kuona mchoro wa ndege ukabaki mabawa bila kichwa kwa sababu kichwa kilichorwa kwa chaki nyekundu. Kazi za karatasi na za rangi za maji zipewe mwanga hafifu, maana mwanga mkali huzipausha na zikishapauka hazirudi. Majumba mengi ya makumbusho huzipa luksi 50 tu, luksi ikiwa kipimo cha mwanga. Halafu kuna besi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini sauti nzito hupita. Siku ya kujaribu vyombo, mwombeni mpiga besi apige noti yake ya chini kabisa, nanyi mwende mkaweke kidole kwenye kioo cha fremu chumba cha pili. Kioo kikitetema, picha hiyo ihamishwe. Nimesikia fremu zikilia vu-vu-vu wimbo mzima huku mwenye kazi akitazama misumari kwa hofu.

Mnaweza kudhani nawatenganisha wasanii. La hasha, nataka wakutane vizuri. Mwaka 1873 alifariki Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji wa Urusi, akiwa na miaka 39 tu. Mwaka uliofuata kazi zake zilionyeshwa St Petersburg, na rafiki yake, mtunzi Modest Mussorgsky, akaenda kuzitazama. Juni 1874 akatunga kazi ya piano yenye vipande kumi, kila kimoja kikitokana na picha. Lakini kilichonishika mimi ni kile alichokiweka kati ya vipande: sehemu fupi inayorudi mara kwa mara, naye ndani yake akitembea kutoka picha moja kwenda nyingine. Mapigo yake yanapokezana, tano kisha sita, ndiyo maana hatua hazilingani. Anakwenda, anasita, anageuka. Muziki ule umetokana na mtu aliyepewa nafasi ya kutazama, na ndiyo maana nasema asubuhi ya picha isikatwe. Wanamuziki wenu nao waje asubuhi, wasifike jioni na ala begani.

Jumapili ndiyo iwe siku ya kuchanganya, na kiwe kitu kimoja tu, kilichofanyiwa mazoezi. Mwaka 1952 katika chuo cha Black Mountain, North Carolina, Marekani, mtunzi wa muziki John Cage aliwakusanya wenzake kwenye ukumbi wa kulia chakula. Kwa maelezo ya waliokuwepo, viti vilipangwa pembetatu nne zilizotazamana, na njia zikaachwa katikati. Mcheza dansi Merce Cunningham alicheza humo njiani, David Tudor alipiga piano, mashairi yalisomwa juu ya ngazi, na picha nyeupe za mchoraji Robert Rauschenberg zilining'inia juu ya vichwa vya watu. Sisemi mwige yale waliyoyafanya. Igeni viti. Ukumbi usipokuwa na upande mmoja wa mbele, hakuna sanaa inayokaa nyuma ya nyingine, na mtazamaji anaamua mwenyewe ageukie wapi.

Jambo la mwisho kwako wewe mpangaji: mshereheshaji wenu asiseme kati ya kila kitu na kingine. Watu wakimaliza kusikia shairi zito, wape nusu dakika ya kunyamaza kabla hujawatangazia kinachofuata.

Mwalimu, nimealikwa kughani kwenye tamasha la aina hiyo. Wenyeji wanataka gitaa lipigwe chinichini nikiwa naghani. Nahofia maneno yatamezwa, nahofia pia kuonekana mgumu. — Mshairi

Kama shairi lako lina vina na mizani, tayari lina mapigo yake, na gitaa lolote litakalopigwa bila kuyajua litagombana nayo. Kama ni shairi huru, hatari ni nyingine: muziki utawaambia watu wahuzunike kabla neno lako halijawafikia. Mwombe mpiga gitaa mkutane kabla ya siku. Apige kati ya beti, anyamaze ndani ya beti. Wengi wao hulipenda hilo wakishalijaribu, kwa sababu na wao wanasikika.

Kisha wewe ughani naye apige mbele ya watu wawili ambao hawajawahi kulisikia shairi. Mkimaliza, waulize ubeti wa tatu ulisema nini. Wakikuambia "lilikuwa tamu sana" na kunyamaza, gitaa limekumeza. Hapo una haki kamili ya kughani peke yako, na anayekuita mgumu kwa hilo hajalisikiliza shairi lako.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchoraji. Bendi moja imeniomba nichore jukwaani wakati wanapiga, nimalize picha wanapomaliza nyimbo zao. Rafiki zangu wanasema ni nafasi nzuri ya kujulikana. Moyo wangu unasita. Nikubali? — Mchoraji kijana

Marahaba. Usikubali kwa sababu ya kujulikana. Kubali ikiwa muziki wao kweli unakufanya utake kuchora, na uwe na uhuru wa kuishia njiani picha ikikataa. Saa ya bendi si saa ya turubai.

Kuna njia nyingine ambayo mimi ningeichagua. Januari 1911 mchoraji Wassily Kandinsky alikwenda kusikiliza muziki wa mtunzi Arnold Schoenberg mjini Munich, Ujerumani. Siku chache baadaye akapaka picha: umbo jeusi la piano, vichwa vya wasikilizaji, na njano inayomwagika karibu kulijaza turubai. Ipo mpaka leo katika jumba la Lenbachhaus mjini humohumo. Mwezi uleule akamwandikia Schoenberg barua, ingawa hawakuwa wakijuana, na urafiki wao ukaanzia hapo. Waambie bendi utakaa mbele siku wanayopiga na daftari la michoro, na siku inayofuata utaleta kilichotokea.

Ikiwa bado unataka jukwaa, chukua mkaa au wino na karatasi kubwa. Rangi ya mafuta haikauki upesi, utaibeba mbichi katikati ya nyaya na watu. Simama kwa upande, hadhira ione mkono na karatasi, wasiangalie mgongo wako saa nzima. Omba taa nyeupe moja ambayo fundi mitambo hataibadilisha wimbo unapobadilika. Na kabla hujachora mstari wowote, mwandikiane: picha itakayotoka ni yako, utaiuza wewe, na wao wakitaka kuiweka kwenye jalada la albamu yao watakulipa.