Mwanangu, kuhusu hilo la kuzima mashine

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Huku Columbus hatujambo, ila baridi. Umeniandikia kwamba shangazi yako kakwambia kazi ya baba ni "kuzima mashine za watu", nawe wataka kujua ukweli kabla hujaamua kuisomea. Ni kweli. Ila shangazi kakuonyesha mkia, ng'ombe kamficha.

Mimi ni mtaalamu wa upumuaji. Hapa Marekani ni fani inayojitegemea, si udaktari wala unesi. Katika zamu ya saa 12 nawavutisha wenye pumu dawa kwa nebulaiza, kifaa kinachogeuza dawa kuwa ukungu, natoa damu kwenye ateri ya mkono ili ipimwe oksijeni na asidi, na moyo wa mgonjwa ukisimama, hukimbilia kichwani pake kumpulizia hewa kwa mfuko. Hayo utayazoea.

Kazi yenyewe iko kwa wagonjwa mahututi. Kumweka mtu kwenye mashine ya kupumulia ni jambo la dakika chache. Ufundi uko kwenye kumtoa. Akikaa siku nyingi misuli ya kupumulia inadhoofu, na nimonia inanyemelea. Kwa hiyo asubuhi, kama hali inaruhusu, nesi hupunguza dawa ya usingizi, nami nikapunguza msaada wa mashine, tukamwacha ajitahidi kwa nusu saa. Nachukua idadi ya pumzi zake kwa dakika, nagawanya kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Akivuta pumzi 20 za nusu lita, jibu ni 40: safi. Likizidi 105, anahema juujuu. Tunamrudishia msaada, kesho tunajaribu tena. Lakini hesabu haitoshi. Natazama misuli ya shingo, jasho, macho yake. Wapo waliofaulu kwa hesabu nami nikamwomba daktari tusubiri. Mrija wa hewa uliopita kooni ukitoka, neno la kwanza huwa la kukwaruza, na mara nyingi ni kuomba maji. Shangazi hilo hakukusimulia.

Sasa hilo la kuzima. Huja pale madaktari wameona tiba haina faida tena, na familia imeridhia, pengine kwa sababu mgonjwa mwenyewe aliwahi kusema hataki kuishi hivyo. Daktari anaandika agizo. Nesi anampa mofini ili asisumbuliwe na kukosa pumzi. Mimi nanyamazisha kengele, nanyonya makohozi, natoa hewa kwenye kiputo kinachoushikilia mrija, nauvuta. Mkono ni wangu, uamuzi si wangu, na kinachomwondoa ni maradhi yake. Wengine hupumua saa kadhaa baada ya hapo, na familia lazima iambiwe mapema, wasije wakadhani tumekosea. Sikudanganyi kwamba nalala vizuri usiku huo.

Kama bado waitaka, masomo ni miaka miwili katika chuo cha kijamii (community college), kisha mtihani wa bodi ya taifa. Ukifikia alama ya kwanza unapata cheti cha CRT, ngazi ya kwanza ya fani hii. Ukifikia ya juu zaidi unaruhusiwa kufanya mtihani wa pili, wa RRT, ngazi ya juu. Lenga huo wa pili, hospitali nyingi huupendelea. Kwa sasa shika fizikia na kemia. Na vyeti vyako vya sekondari visikae kwa shangazi. Vichukue wiki hii.

Wako,
Baba