Jibu: Tairi za misimu yote au seti mbili?

Ndugu, umeuliza kama gari lako la Golf ulilonunua Hamburg, Ujerumani, likiwa na tairi za kiangazi ulitafutie seti ya pili ya baridi, au ununue za misimu yote umalize. Kama mizunguko yako ni kazini na dukani tu, mimi ningechukua za misimu yote. Theluji hapo haikai sana, na unaepuka kumlipa fundi mara mbili kwa mwaka, bado hujatafuta pa kuweka seti nyingine.

Ila kabla hujatoa pesa angalia ubavuni mwa tairi: lazima kuwe na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Alama ya M+S (tope na theluji) peke yake haitoshi tena tangu Oktoba 2024. Ukikamatwa kwenye barafu bila alama hiyo ni faini ya yuro 60 na pointi moja ya adhabu kwenye rekodi yako ya udereva.

Za kiangazi usijidanganye nazo. Chini ya nyuzi 7 hivi mpira wake unakakamaa, hata lami ikiwa kavu. Mwaka wangu wa kwanza nilikanyaga breki kwenye taa, mwendo wa baiskeli tu, gari likaserereka taratibu kama sabuni bafuni hadi katikati ya makutano. Bahati ilikuwa alfajiri.

Ukihamia Bavaria kule kusini, au ukiwa mtu wa kupanda milima ya Alps, hapo nunua seti mbili bila kubishana. Na kashata za tairi (michoro inayoshika barabara) zikibaki na kina cha milimita 4 badilisha, ingawa sheria inaruhusu hadi 1.6.