Thomson's Falls kwa shilingi elfu tatu, kwenda na kurudi siku moja

Kwa mtu wa Nairobi asiye na gari, hakuna maporomoko makubwa yaliyo rahisi kufikia kama Thomson's, kwa kuwa yako mjini. Mto Ewaso Narok unaporomoka mita 74 pembeni mwa Nyahururu, kama kilomita 3 kutoka stejini, na mita 74 ni zaidi ya theluthi mbili ya urefu wa jumba la KICC jijini Nairobi. Karuru, ndani ya Hifadhi ya Aberdare, ni marefu zaidi, mita 273, lakini huko kuna kiingilio cha hifadhi, na bila gari linaloweza matope hufiki. Fourteen Falls, upande wa Thika, ni karibu na nauli yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba yale ni maji ya Mto Athi, uliokwisha kupokea mito ya Nairobi pamoja na yote yaliyotupwa humo. Kuna siku harufu ndiyo inayokupokea kwanza.

Tenga shilingi 3,000 kwa kila mtu. Nauli weka 700 kwenda na 700 kurudi. Siku tulivu utabakiwa na kitu, sikukuu huenda usibakiwe na chochote. Boda mbili, 200. Kiingilio weka 400, na ulizie bei mpya kabla ya kusafiri, maana hubadilishwa bila matangazo. Chakula 350. Mwongozo wa kushuka bondeni, mkiwa wanne, 150 kila mmoja. Hapo umefika 2,500, na 500 inayobaki ni ya dharura, si ya soda. Beba noti za 50 na 100 za kutosha. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini ukimpa kijana noti ya 1,000 kwa huduma ya 100 utaambiwa chenji hakuna, na mara nyingi ni kweli hana.

Matatu za Nyahururu ziko upande wa River Road na Nyamakima. Utasikia makanga wakiita "Nyahu! Nyahu!" kabla hujaona kibao. Panda ile inayokwenda moja kwa moja. Kuna watakaokuvuta uingie ya Nakuru, eti utashuka Gilgil na kuunganisha. Hesabu yake haikusaidii, kwa sababu utalipa nauli mbili, na ya pili utaingoja ijaze huku jua likipanda. Hizi za viti 14 haziondoki hadi kiti cha mwisho kipate mtu, kwa hiyo usiulize tu nauli, hesabu vichwa. Ikiwa ndani kuna watatu na nyuma yake kuna nyingine tupu, utakaa hapo saa nzima. Na angalia kama hao watatu wana mizigo: wengine ni vijana wa stejini wanaokalia viti ili gari lionekane linajaa, na abiria halisi wakija wanashuka mmoja mmoja.

Uwe stejini saa kumi na mbili asubuhi. Safari ni kama kilomita 190 kupitia Gilgil na Ol Kalou, saa tatu hadi tatu na nusu njia ikiwa wazi. Ukiondoka saa kumi na mbili na nusu, saa nne na ushee uko Nyahururu, bado una siku. Ukiondoka saa tatu umeshapoteza asubuhi foleni za kutoka jijini, utafika na njaa, utakula hapo hapo kwenye maporomoko kwa bei ya mtalii, utashuka bondeni mbio na kurudi usiku. Kuchelewa huko kwa saa mbili na nusu ndiko kunakomaliza ile akiba ya 500, na bado ukakopa.

Kula mjini kabla ya kupanda boda. Hoteli ndogo za karibu na steji zina chapati na maharagwe, ugali na matumbo, na chai ya maziwa halisi, maana hii ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Boda patana kabla ya kukalia kiti. Mkiwa na nguvu, tembeeni, ni nusu saa au zaidi kidogo.

Ukishaingia, mita chache tu mbele ndiyo kingo lenyewe, lenye uzio, na kutoka hapo maporomoko yanaonekana yote, juu hadi chini. Wengi huishia hapa, wanapiga picha, wanaondoka baada ya dakika ishirini. Hapa pia ndipo pesa ndogo ndogo hutoka mfukoni bila kuagwa. Kuna wazee na akina mama waliovaa mavazi ya asili ya Kikuyu, wako tayari kupiga picha nawe, na kuna vijana wenye vinyonga wa kukuwekea mkononi. Hiyo ni kazi yao na wanastahili malipo. Kosa ni kusimama kwanza na kuuliza baadaye. Uliza hivi: "Ni pesa ngapi, kwa sisi wote, kwa picha zote?" Maneno hayo mawili ya mwisho yana uzito, kwa kuwa bei ya picha moja hugeuka bei ya kila picha, kisha bei ya kila simu. Hutaki? Sema "asante, leo hapana" ukiwa unatembea, wala usimguse kinyonga.

Njia ya kushuka bondeni ndiyo sababu ya safari yote. Ni ngazi na kijia, mteremko mkali, sehemu zingine ngazi zimevunjika au zimeliwa na maji na unabaki unashika mizizi. Kushuka ni kama dakika 20. Kupanda weka 40, na usione aibu kupumzika: Nyahururu iko juu ya mita 2,300 toka usawa wa bahari, Nairobi kama 1,700, na hewa huko ni nyepesi zaidi. Mtu anayekimbia msitu wa Karura, Nairobi, bila shida atashangaa kifua kikimbana kwenye ngazi ya hamsini. Aliyetoka Mombasa jana apewe muda mara mbili.

Viatu ndivyo vinavyoamua. Soli iwe ya mpira wenye meno. Raba za mjini zenye soli iliyolainika huteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa, na chini kabisa mawe yamefunikwa na utelezi wa kijani kwa sababu manyunyu hayakomi mchana wala usiku. Wanaoanguka huanguka hapo, wakirudi kinyumenyume ili picha itoshe. Kaa kwenye mawe makavu, usijaribu kuogelea, na simu iwe mfuko wa ndani wa koti: manyunyu yanalowesha ukiwa bado mbali. Jua likiwa mgongoni mwako, utaona upinde wa mvua ndani ya ukungu ule. Ukitaka mwongozo, patana naye juu, mbele ya wenzako, bei ya kundi zima kwenda na kurudi. Kwa kundi lenye watoto au mtu wa magoti mabovu, pesa hiyo usiibanie.

Mwongozo atakuambia pia habari za jina. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883, aliyaita kwa heshima ya babake. Wazee wa huku bado wanauita mji wenyewe T. Falls.

Maji hayafanani mwaka mzima. Januari hadi Machi mto hukonda, na ukiwa na pesa ya safari moja tu kwa mwaka, usiitumie wakati huo. Aprili na Mei maji ni mengi, ila mvua kubwa ikinyesha siku mbili mfululizo yanageuka rangi ya chai kwa udongo wa mashamba ya juu, na kijia kinakuwa sabuni. Subiri mvua zilegee, kisha nenda katikati ya wiki, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Hata mwezi wa jua kali beba sweta. Julai bila koti ni ujinga.

Juu ya maporomoko, mto unapita kwenye kinamasi chenye viboko. Msiende peke yenu, na msiende jioni, wakati ndio wanatoka majini kula.

Kulala si lazima. Ukiamua, mna uwanja wa kupiga hema pale pale kwenye maporomoko, na mjini zipo gesti za bei ya chini. Kabla ya kulipa, fungua bomba la bafu uguse maji kwa mkono, maana "maji moto yapo" ni jibu la kila gesti, na usiku wa Nyahururu hauna huruma kwa mtu aliyeoga baridi.

Anza kurudi stejini saa tisa alasiri. Baada ya saa kumi na moja matatu za Nairobi hupungua na nauli hupanda. Jumapili ni mbaya zaidi: magari ya Nakuru, Naivasha na huku yote hukutana barabara moja, na jioni ile unaweza kukaa kati ya Kinungi na Kimende muda ambao ungetosha kufika Nairobi. Jumamosi ni afadhali.

Ukiwa na kile cha dharura hujakigusa, nunua viazi hapo sokoni au Ol Kalou gari likisimama. Viazi, kabeji na karoti hapa huuzwa bei ambayo mama mboga wa mtaani kwenu hawezi kukupa, na debe moja hurudisha sehemu ya nauli. Lakini malipo ya mzigo yapatane na makanga kabla haujapakiwa. Ukishafungwa juu ya gari, bei anataja yeye.