Panya hawakufa, basi dawa haina sumu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Tanga. Kuna mzee wa Ngamiani anauza unga wa mizizi kwa ajili ya sukari na tumbo, vijiko 3 vya chakula kwa siku, siku 40. Tuliwapa panya 6 dozi moja ya miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito, tukawaangalia siku 14. Hakufa hata mmoja. Sasa jarida moja la toksikolojia (elimu ya sumu) limeniandikia kuwa litanichapishia ndani ya siku 5 nikilipa dola 150, na mzee anataka lebo isomeke “Imepimwa, haina sumu.” Nitume?

JIBU: Usitume, ndugu yangu, na hiyo lebo isichapwe.

La jarida ni jepesi. Wahakiki wa kweli hawasomi kazi, wakauliza, ukajibu na kurekebisha, yote kwa siku 5. Chukua Toxicological Sciences, jarida la Chama cha Toksikolojia cha Marekani kilichoanzishwa 1961: huko kabla ya lolote utadaiwa kibali cha maadili ya kutumia wanyama. Kibali hicho huombwa kabla panya hajaguswa, baadaye hakitolewi. Hao wa dola 150 sidhani kama walikuuliza.

Kinachonikera ni hilo “haina sumu.” Kipimo mlichofanya kinajibu jambo moja tu: mtu akiibugia mara moja, itamuua upesi? Ini, figo, mimba na saratani havimo kabisa.

Hebu tupige hesabu. Dozi ya panya mkubwa wa maabara hugawanywa kwa 6.2 ili kupata inayolingana nayo kwa binadamu. 2,000 inashuka hadi kama 323 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 19 hivi. Sasa pima vijiko vitatu vya unga wa mzee kwenye mizani. Kijiko kikiwa na gramu 6 au 7, mteja anakula kila siku kiasi kile kile ambacho panya wenu alikionja mara moja, na anakula siku 40. Hapo mmepima nini?

Talidomaidi, dawa ya usingizi, ilipoingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, moja ya sifa zake ilikuwa hiyo hiyo: panya walipewa dozi kubwa mno na hawakufa. Wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko mwaka 1961, na watoto waliozaliwa na viungo vilivyodumaa wanakadiriwa kupita 10,000.

Na msinijie na “hii ni ya asili, haina kemikali.” Maji ni kemikali, na mhogo mchungu ni wa asili. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa mimea ya Kichina ambamo mmea mmoja uliingia badala ya mwingine. Ulikuwa wa jamii ya Aristolochia. Figo za baadhi yao zikafa, na wengine kati ya hao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyeanguka siku ya kwanza.

Kama mzee ana nia njema, mpelekeni mmea wenye majani na maua kwa mtaalamu wa mimea autambue. Kisha andikeni pendekezo la kupima dozi za kila siku kwa siku 28, na baadaye 90, panya wapasuliwe, ini na figo zipimwe uzito na kutazamwa kwa hadubini. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ina kituo hapo hapo Tanga, na Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili. Usajili ni kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala; karatasi yenye muhuri wa maabara si usajili, hata ikipigiwa spika sokoni kutwa nzima.

Wateja ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wengi wa sukari huacha vidonge vya hospitali wakisikia “imepimwa,” na figo zao tayari ziko hatarini. Aliyekwisha kuutumia unga huu, au mwingine wowote wa namna hii, asiache vidonge vyake. Aende hospitali na kopo lenyewe mkononi, apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na vimeng’enya vya ini, na amtajie daktari vijiko vingapi na tangu lini.