Flashi za bei chee zinazoandika polepole, bado ninunue?

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Mimi napiga picha na video za harusi na vipaimara huku Mwanza, wateja nawapa kazi yao kwenye flashi. Siku zote nanunua zile za bei chee za GB 32, hazina shida ila zinaandika polepole mpaka kero, naacha inakopi naenda kula narudi bado. Sasa kuna jamaa ana flashi za GB 512, bei imezidi kidogo tu zile za 32, na anasema zina spidi. Nataka nichukue dazeni mbili. Je, hizi za polepole bado zina maana? Halafu hiyo moja aliyonipa nijaribu ilikula mafaili, fundi wa hapa akasema ni virusi, akaifomati kwa elfu tano ikapona.

JIBU: Salama mdogo wangu. Nilipofika hapo kwenye "ikapona" ndo nikaweka kikombe chini.

Za polepole tumalizane nazo kwanza. Nunua, hazina ubaya. Video ya GB 12 kwenye flashi inayoandika MB 6 kwa sekunde ni kama dakika 33, sawa inaudhi, lakini inakuudhi wewe, mteja wako hajui habari hiyo. Yeye anachomeka kwenye tivii anaangalia, na video ya kawaida ya harusi hata ikiwa nzito ya megabiti 25 kwa sekunde inahitaji kusomwa MB 3 tu na kidogo kwa sekunde (megabiti nane ndo MB moja), hizo flashi zinasoma zaidi ya hapo bila kutoka jasho. Chomeka nne kwa pamoja usiku ukalale. Angalia tu faili lisizidi GB 4 kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, yaani ule mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, litakataa hata nafasi ikiwepo, na ukiamua kuifomati exFAT, mtindo mpya zaidi, muulize mteja tivii yake ni ya lini, za zamani nyingi haziisomi. Basi.

Sasa hiyo ya 512. Haikuwa na virusi. Ni feki, na huyo fundi amekula elfu tano yako bure.

Kila wiki naletewa hizi, na kila anayeleta anasema virusi, sijui nani alitufundisha kwamba kila faili likipotea ni virusi. Ndani ya flashi kuna chipu ya kutunzia na kuna kontrola, yaani yule anayejibu kompyuta ikiuliza "una nafasi kiasi gani". Wajanja wanaifundisha kontrola kusema uongo. Ni kama gesti yenye vyumba kumi halafu kitabu cha mapokezi kimeandikwa vyumba mia, wageni wanaandikishwa tu, wanapewa na risiti, wa kumi na moja anaambiwa chumba kipo anaingia anakuta ukuta, au wanamlaza kwenye chumba cha mwenzake na wa kwanza anatupwa nje. Risiti zote zipo mapokezi. Ndo maana unafungua folda unaona majina yote, saizi zote, kila kitu kimekaa vizuri, ukibonyeza video haifunguki. Majina na saizi vinaandikwa kwenye orodha iliyo mwanzoni mwa flashi, sehemu ambayo ni ya kweli, video yenyewe ilitumwa kwenye sehemu ambayo haipo.

Na hapo ndo dawa ya huyo fundi inapoonekana imefanya kazi! Ukifomati, orodha inafutwa, mafaili mapya yanaanza kuandikwa tena kwenye vile vyumba kumi vya mwanzo ambavyo ni vizima. Unaweka video mbili zinacheza, unamlipa, unamsifia kwa wenzako. Siku ukipita ule uwezo wake wa kweli, yanarudi yaleyale, na fundi anakwambia umeipeleka tena stationery ikaambukizwa. Ukimkuta anayesema atakurudishia video zilizopotea humo kwa programu yake maalumu, ondoka, kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa mahali hakuna programu ya kukirudisha.

Niliwahi kupasua eksteno moja, yaani diski ya nje, iliyoandikwa TB 16, mama wa watu kaweka picha zote za marehemu mumewe humo kisha akafuta kwenye simu. Nje bati zuri linang'aa, ndani memori kadi mbili zimebandikwa kwa gundi. Mbili! Sikuwa na la kumwambia.

Plastiki ya bluu mdomoni mwa flashi, ile watu wanayoiona ni alama ya USB 3 yenye spidi, nayo isikudanganye, hiyo ni rangi tu. Chungulia mdomoni, USB 2 ina vibati vinne, USB 3 ina vingine vitano nyuma yake, na hata hivyo vitano havisemi kwamba chipu ya ndani ina haraka. Bei ndo inasema. Kingston walipotangaza flashi ya kweli ya TB 2 mwaka 2017 ilikuwa kitu cha wenye hela zao, sasa mtu anakuuzia TB 2 kwa bei ya kuku wa kuchoma hujiulizi?

Kupima ni bure. Windows tumia H2testw, Linux au Mac kuna F3, zinajaza flashi yote halafu zinasoma tena kuona kama kilichoingia ndo kinachotoka. Ya 512 kwa MB 6 kwa sekunde inachukua karibu siku nzima kujaa, na wauzaji wanalijua hilo, wanajua hutajaza. Kama huna muda kuna ValiDrive, inachungulia sehemu mbalimbali tu kwa dakika chache. Flashi iwe tupu kwanza. Na ya GB 32 ikisoma 29 na kitu usimpigie muuzaji kelele, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kwa hiyo chukua za 32, ila hata hizo usibebe dazeni kabla hujapima moja mbili, feki za 32 zipo, ndani unakuta ni 8. Kila kazi baki na kopi yako, flashi ya mteja hata ikiwa orijino siyo stoo.

Halafu hujasema memori kadi za kamera unanunua wapi. Kama ni kwa jamaa huyohuyo, zipime kabla ya Jumamosi, maana bibi harusi hatarudia kuingia ukumbini.