Maswali ya Wasomaji: Mlinzi wa Futiboli ya Marekani Analipwa kwa Yadi na kwa Wiki

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kuhusu NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, na nyingi zimeulizia safu ya ulinzi. Tumejibu nne.

SWALI: Nina miaka 22, ni flanka, kilo 104, urefu sentimita 191. Wenzangu wananiambia kwa kuwa najua kukaba, nafasi ya ulinzi Marekani inanifaa. Ni kweli? Nianzie wapi?
Mchezaji wa raga, Kakamega

JIBU: Ndugu, mwili wako unakaribia wa lainibeka, yule mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele. Kukaba unajua, ila ukabaji wa raga ndio utakaokuponza kwanza. Kwenye raga ukimshika mtu mapajani akaangukia mbele hatua moja na nusu, hujakosea, kwa sababu mpira uko chini na wenzako wanaugombania. Kule mchezo unakatwa hapohapo na mpira unawekwa pale alipofikia. Washambuliaji wana majaribio 4 ya kusonga yadi 10, yaani mita 9.14. Ukimwachia mkimbiaji hatua moja na nusu kila jaribio, umempa karibu nusu ya safari bure. Kwa hiyo bega liingie kwenye mbavu zake, kichwa kiwe pembeni na macho juu, mikono ifunge, na miguu yako iendelee kupiga hatua fupi mpaka aanguke kinyumenyume. Usitangulize helmeti, ni faulo na shingo ni yako. Tangu 2024 NFL pia imepiga marufuku kumng'ang'ania mtu kiunoni kisha kujiachia kwa uzito wote juu ya miguu yake, mtindo ambao wachezaji wengi wa raga wanao bila kujua.

Kosa la pili ni kukimbilia mpira. Kila mlinzi ana mwanya wake. Mwanya A uko kati ya mzuiaji wa katikati na gadi, yaani mzuiaji anayesimama kando yake, B kati ya gadi na mzuiaji wa mwisho wa safu, C nje ya huyo. Ukiona mpira umeelekea kushoto nawe ukauacha mwanya wako upande wa kulia, mkimbiaji anageuka na kupita palepale ulipokuwa. Makocha hawasamehi hilo, hata kama mwishowe ulimfikia ukamwangusha. Wageni wengi hufutwa kwa kosa hili, si kwa ukosefu wa nguvu.

La tatu ni mikono. Kule mtu wa kilo 140 anaruhusiwa kukuzuia hata kama huna mpira. Akikukumbatia kifua kwa kifua umekwisha. Viganja vyako vitangulie, vitue kifuani mwake chini kidogo ya mabega, vidole gumba juu, viwiko vimebanwa mbavuni, kisha unyooshe mikono umsukume mbali nawe. Jizoeze kwa mwenzako aliyeshika mfuko wa mazoezi. Mwingine ashike mpira chini, asiseme neno, na wewe uondoke mpira unapotikisika tu. Washambuliaji hupiga kelele makusudi ili uruke kabla ya wakati, na ukiruka timu yako inapoteza yadi 5. Seti 6 za mara 5 zinatosha, pumziko sekunde 35 kati ya kila jaribio, kwa sababu mchezo wenyewe ni sekunde chache za nguvu zote kisha kusimama. Pumzi ya kukimbia dakika 80 hutaihitaji.

Halafu jipime. Chukua utepe wa fundi, si hatua za miguu, upime mita 36.58, yaani yadi 40. Weka alama pia kwenye mita 9.14. Saa ya kubonyezwa kwa mkono hukupendelea kwa takriban sekunde 0.2, basi jiongezee. Lainibeka anayetazamwa na maskauti hukimbia yadi 40 kwa kama sekunde 4.6 au 4.7.

Njia iliyopo kwa umri wako ni mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa, ulioanza 2017. Efe Obada, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Uingereza, alipitia humo hadi safu ya ulinzi ya Carolina Panthers. Kutoka kwetu yupo Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga ya kulipwa, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo. Aliorodheshwa kama lainibeka, lakini uwanjani aliingizwa Desemba ya mwaka huo kupitia vikosi maalum, vile vinavyotoka kwenye mikwaju ya kuanzisha na kurudisha mpira. Zingatia hapo. Mlinzi mgeni anabaki kwenye timu kwa sababu ya vikosi maalum. Jifunze kukimbia yadi 50 kwa kasi yote, kumkwepa mzuiaji mmoja na kukaba uwanja ukiwa wazi. Kazi hiyo inafanana na raga ya watu saba kuliko nyingine yoyote.

SWALI: Nasikia mlinzi ametia saini dola milioni 60 kwa miaka 4, baada ya miaka 2 anafutwa. Hizo pesa nyingine zinakwenda wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Haziendi popote, hazikuwa zake bado. Katika NFL namba kubwa inayotangazwa ni jumla ya kila kitu kikienda sawa. Iliyo yake kweli ni ile iliyodhaminiwa pamoja na bonasi ya kutia saini. Mshahara uliobaki unafutika siku anapoachwa, ndiyo maana wakala mzuri hubishania udhamini kwanza, jumla baadaye.

Chini kabisa hesabu ni hii. Msimu wa 2025 mshahara wa chini wa mchezaji wa msimu wa kwanza kwenye kikosi cha watu 53 ulikuwa dola 840,000, ukilipwa kwa wiki 18, yaani kama dola 46,667 kwa wiki. Akiachwa baada ya wiki 4, amepata takriban dola 186,667 kabla ya kodi. Kikosi cha mazoezi, kwa wasio na uzoefu, kilikuwa dola 13,000 kwa wiki, zaidi ya shilingi milioni 1.6 zetu. Ni pesa nyingi, na inaweza kukoma Jumanne yoyote. Pensheni inahitaji misimu 3 inayohesabiwa, na chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa miaka 3.3 ya kucheza. Yaani wengi hufika ukingoni tu. Wakala aliyeidhinishwa na chama hicho hachukui zaidi ya asilimia 3, na hachukui kabla mchezaji hajalipwa. Anayekudai pesa ya usajili hapa Kisumu hafuati sheria hiyo.

SWALI: Kwa nini walinzi wengine hulipwa mara nyingi kuliko wenzao?
Mwalimu wa michezo, Bungoma

JIBU: Kwa sababu ya kwotabeka, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mlinzi anayemfikia kabla hajarusha mpira anaua jaribio zima na kurudisha timu nyuma. Bruce Smith aliwaangusha makwotabeka mara 200, rekodi ya maisha yote ya mchezaji. Aaron Donald alifikisha 111 katika misimu 10 akitokea katikati ya safu, mahali ambapo mara nyingi wazuiaji wawili humvamia mlinzi mmoja. Ndiyo maana tunamhesabu Donald kuwa mkubwa zaidi wa kizazi chake.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu. Kuna kocha anazungumzia chuo cha Marekani na futiboli. Naogopa kichwa chake.
Mama, Nakuru

JIBU: Mama, pokea salamu zetu. Hofu yako ina msingi. Daktari Bennet Omalu, Mnigeria, ndiye aliyegundua ugonjwa wa ubongo uitwao CTE kwa Mike Webster, mchezaji aliyefariki 2002. Junior Seau, lainibeka mkubwa aliyefariki 2012, naye alikutwa nao. Unahusishwa na mapigo mengi yanayojirudia kwa miaka, hata yale madogo yasiyomwangusha mtu, na kuthibitishwa kwake hufanyika baada ya kifo tu. Helmeti hulinda fuvu lisipasuke, haizuii ubongo kutikisika ndani.

Mwanao akigongwa kisha akaumwa kichwa, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida, atoke siku hiyohiyo na asirudi mpaka daktari aseme. Akitapika tena na tena, akipatwa na degedege au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali mara moja.

Kuna futiboli ya bendera pia, isiyo na kukaba. Mlinzi huchomoa kitambaa kiunoni. Itakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, nasi tungemwanzishia hapo.

Kuhusu chuo, Ezekiel Ansah wa Ghana alianza futiboli akiwa tayari chuoni BYU, mwaka 2010, na 2013 Detroit Lions wakamchagua wa 5 katika drafti, ule mgao wa kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya. Hakuhitaji kuanza utotoni. Matokeo ya KCSE yatapimwa kabla ya misuli. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo, basi muulize kocha kwanza chuo kiko daraja gani. Kisha taka kwa maandishi kutoka chuoni, si kwake: je, ufadhili unalipa ada, malazi, chakula na bima ya matibabu? Unafanywa upya kila mwaka? Na akivunjika goti mwaka wa kwanza, ataendelea kusoma?