Jibu: Ninunue kamera gani kwa video za Fizikia?

Mkuu, umeuliza kamera ya kurekodia masomo ya Fizikia kidato cha pili. Mimi ningekushauri usinunue kwanza. Simu inayorekodi 1080p (ubora wa Full HD) inatosha. Hela hiyo weka kwenye maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Mwanafunzi atavumilia picha yenye ukungu kidogo, ila sauti yenye mwangwi anaihama papo hapo. Rekodia chumbani kwenye mapazia na godoro, si kwenye darasa tupu la sakafu ya saruji. Dirisha liwe mbele yako, lisiwe mgongoni.

Halafu urefu. Utafiti wa 2014 uliochambua utazamaji milioni 6.9 wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kuwa zisizozidi dakika 6 ndizo huwashika watu zaidi, na mwalimu anayechora huku akieleza huwashika kuliko slaidi. Kwa hiyo kanuni ya Ohm na saketi sambamba zipe video mbili.

Ya kutuma kwenye makundi ya WhatsApp toa kwa 480p, ubora mdogo usiokula data nyingi, maana bando ni ghali. Namba ziandike kubwa lakini, wengi wanatazamia simu ya mzazi, tena kioo kimepasuka.